Gauni la Rangi ya Damu ya Mzee

Mpanda, Jumapili jioni. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya polepole isiyo na radi, inayogeuza udongo wa huku kuwa uji. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope la Magamba na sina nguvu ya kuviosha. Nimejifunga khanga, nimekaa kitandani, simu mkononi. Moyo unanisuta tangu jana mchana na haujaniachia.

Wanaopita hapa kwenye blogu yangu wanajua kwamba mimi huvaa gauni moja. Siyo moja kwa hesabu, ninayo saba, lakini mshono ni mmoja. Kola ndogo ya mviringo, mikono inayoishia chini ya kiwiko, mifuko miwili pembeni, urefu wa kupita magoti. Kijivu, kahawia, kijani, zambarau, mawili ya kitenge, na moja ambalo sijawahi kulitaja hapa. Nafanya kazi mapokezi hospitalini, naandika kadi za wagonjwa. Sisi wa mapokezi hatuna sare, kwa hiyo nikajitungia yangu. Wenzangu wananiita Dada Gauni.

Mwaka jana niliandika hapa kwa maringo jinsi nilivyoachana na mahangaiko ya kuchagua nguo asubuhi. Nikaweka na picha, nimesimama nimevaa lile la kijani. Mkanisifu sana. Wengine mkauliza fundi ni nani.

Sikujibu. Leo najibu.

Aliyeubuni mshono huo ni Mama Mwaju. Anashonea kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa nyuma ya soko. Ni mama wa makamo, Mwislamu, baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja huku na biashara ya vitambaa, mama yake Mbende. Nilipohamia mjini kutoka kwetu Usevya sikuwa na nguo hata moja inayonikaa. Nikiwa na miaka tisa nilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia ya mpunga, mfupa wa bega ukaunga vibaya. Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mtu akinitazama harakaharaka haoni. Nguo inaona. Kila nguo ya mtumba niliyoivaa iliteleza upande huo. Nikikaa naivuta, nikitembea naivuta, kanisani niko kwenye mstari wa kukomunika, naivuta.

Mama Mwaju alinipima mara moja tu. Tepu ilipofika begani akasimama kidogo, akapima tena, akaandika namba mbili mahali pa moja. Hakuuliza kitu. Hakuniambia pole. Baada ya wiki nikavaa gauni la bluu, likakaa. Nikainama, nikainuka, nikanyoosha mkono juu. Likakaa tu.

"Mama, hili hili unishonee maisha yangu yote," nikamwambia.

"Utalichoka, Gau," akasema akicheka. Jina langu ni Gaudensia.

Sikulichoka. Kila Pasaka na kila Krismasi nilimpelekea kitambaa kipya, na hakuwa na haja ya kunipima tena. Bega langu alikuwa nalo kichwani.

Sasa niseme la saba, lile ambalo sijawahi kulitaja. Rangi ya damu ya mzee. Pasaka ya mwaka juzi.

Nilikwenda kulichukua Jumamosi mchana. Hadija, mdogo wake, alikuwa kwenye cherehani ya pili pembeni. Wale ndugu wawili walishona pamoja kwenye baraza hiyo miaka mingi. Mama Mwaju akanikunjulia gauni. Nikaona Hadija ananitazama, halafu anainamisha kichwa. Mfuko mmoja ulikuwa juu ya mwenzake kwa vidole viwili. Pindo lilikwenda likipinda kama njia ya ng'ombe. Nikamwangalia Mama Mwaju usoni. Mwanga wa barazani ulikuwa mkali, na katikati ya jicho lake la kulia nikaona weupe, kama tone la maziwa. La kushoto nalo lilikuwa limeanza.

Mimi si daktari. Lakini kwa wiki naandika kadi ngapi za mtoto wa jicho? Weupe ule naujua. Nimeona watu wanaingia wameshikwa mkono, na siku nyingine wanarudi kliniki wakijiendea wenyewe, wananiita kwa jina kutoka mlangoni. Nilitakiwa kusema maneno matano tu: mama, njoo hospitali waangalie macho.

Nikasema, "Limependeza, mama. Umenipatia kabisa."

Na sikuishia hapo. Nililivaa palepale juu ya nguo zangu, nikazunguka, nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu niliona uso wake unasubiri. Akafurahi. Akapiga makofi mara moja, kama mtoto.

Kwa nini? Nimejiuliza swali hilo leo nzima. Nilijiambia kwamba kumwambia fundi haoni ni kumwambia kazi yake imekwisha, na mimi ni nani wa kumwambia hivyo. Nilijiambia mwanawe Mwajuma akija kutoka Tabora ataona mwenyewe. Hizo ni sababu za kusemea mbele za watu. Sababu ya kweli ni kwamba niliona aibu, na kabla sijafika hata kona ya mtaa nilikuwa tayari nafikiria nani atanishonea la nane.

Nililitia lile gauni chini kabisa ya sanduku. Halikuwahi kutoka.

Mwezi uliofuata nikachukua lile la bluu, la kwanza kabisa, nikampelekea Neema, fundi msichana upande wa stesheni, mwenye cherehani ya umeme na kioo cha kujitazama mwili mzima. Akaniambia ili apate sura yake lazima alifumue. Nikakubali. Nikakaa kwenye benchi nikiangalia wembe wake unavyopita kwenye uzi wa Mama Mwaju, kipande kwa kipande, mpaka gauni likawa vitambaa mezani.

Nilipokwenda kuchukua jipya, la kijani, Neema alinipokea kwa furaha. "Dada, yule fundi wako wa zamani alikosea, bega moja alilishusha. Nimekurekebishia."

Ningesema bega ni langu. Nikasema asante.

Ndilo gauni mliloliona kwenye picha. Linateleza. Huwa nalibana kwa pini upande wa ndani.

Baada ya hapo nikabadilisha njia ya kwenda kazini ili nisipite mbele ya baraza ile. Siku moja Mama Mwaju alinitambua kwa sauti sokoni nikinunua dagaa. Nikamwambia nguo bado zipo, zinatosha. "Haya mwanangu, ukiwa tayari utakuja," akasema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nikasikia pia kwamba wamegombana na Hadija, ugomvi mkubwa, mpaka Hadija akapakia cherehani yake kwenye bajaji akahamia Magamba, pembezoni mwa mji. Watu walisema ni mambo ya ndugu. Na mimi nikasema, mambo ya ndugu.

Ndivyo nilivyoishi karibu miaka miwili. Vizuri tu, nisidanganye.

Mpaka jana.

Jana kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa. Nilivaa lile la kijani, nikakaa chini ya turubai, nikamwamkia mama mmoja mstari wa mbele. Nyuma yangu nikasikia, "Gau?"

Alikuwa Mama Mwaju. Mwanamke wa mtaani kwake alikuwa amemshika mkono, anamtafutia kiti, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha pembeni yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilidhani umehama mji."

Akanyoosha mkono kunishika, kama watu wanavyoshikana wakionana baada ya siku nyingi, na mkono ukatua begani. Bega la kushoto. Haukuondoka. Vidole vikaanza kutembea kwenye mshono, kutoka shingoni kwenda mkononi, taratibu, vikarudi, vikaikuta pini. Muziki ulikuwa juu, watu wanacheza wakipeleka zawadi mbele. Hakuna aliyekuwa anatutazama.

"Hili sijashona mimi."

"Hapana, mama."

"Amekusawazisha." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu. "Bega lako halisawazishwi. Hakukupima?"

Nikalivuta gauni juu, kama ninavyofanya siku zote.

"Nilikukosea wapi, Gau? Wateja wameondoka mmojammoja, hakuna aliyeniambia kitu. Nikasema nimerogwa, nikasema watu wana husuda. Lakini wewe niliwaza, huyu siku moja atakuja aniambie."

Nikamwambia. Nilimsogelea sikioni kwa sababu ya muziki, kwa hiyo sikumwona uso. Nikamwambia lile la damu ya mzee lilipinda, mifuko haikulingana, na kwamba niliuona weupe jichoni siku ileile.

Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.

"Siku ileile uliyosema limependeza?"

"Siku ileile."

"Mimi naona ukungu, Gau, hilo nalijua. Nikasema ni uzee. Lakini kazi nilikuwa naifanya kwa vidole, na nyie mnasema nzuri. Sasa ningejuaje?"

Akautoa mkono wake begani kwangu. Chakula kilikuwa hakijaletwa, akaomba arudishwe nyumbani.

Mimi nilibaki. Nikala. Sijui kwa nini nakiri hata hilo, lakini nilikula wali na nyama, na watu wawili waliniambia gauni langu limenipendeza.

Leo baada ya misa ya kwanza nikaenda kwake kwa miguu, mwavuli mmoja mbovu. Nilimkuta barazani, cherehani imefunikwa khanga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima: samahani, sikukusudia, kesho Jumatatu kuna kliniki ya macho, nitakufuata asubuhi. Aliniacha nikamaliza yote.

"Hospitali nitakwenda," akasema. "Ila kwanza unanipeleka Magamba. Kwa Hadija. Haya uliyoniambia jana, utamwambia yeye. Kwa mdomo wako."

"Mama, mvua hii..."

"Mvua naisikia."

Tukapanda bajaji. Njia ilikuwa imeharibika, na karibu na kufika bajaji ikazama kwenye tope, dereva akasema mwisho wake hapo. Tukashuka. Nikamshika mkono, tukaanza kutembea. Hapo ndipo nilipojua haoni kiasi gani. Mguu wake ulikuwa unaipapasa ardhi kwanza, ndipo unakanyaga. Mtu huyu alikuwa anapindua kola kwa macho tu, bila kupima.

"Niambie shimo liko wapi," akasema. "Usiseme hakuna kama lipo."

"Lipo moja mbele, kushoto. Lina maji."

"Haya."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Shimo, jiwe, maji, tope. Sijawahi kumwambia mtu ukweli mwingi hivyo kwa mara moja.

Hadija alikuwa chini ya upenu wa nyumba anashona sare za shule. Alituona kutoka mbali. Hakusimama, miguu iliendelea kukanyaga cherehani. Nikaamkia, akaitikia bila kuinua macho. Dada yake akanisukuma kidogo mgongoni.

Nikasema. Nilisimama kwenye matone ya paa, sikukaribishwa ndani, nikasema yote kuanzia mfuko uliopanda mpaka pini. Nikasema kwamba niliona na sikumwambia, na kwamba kama ningemwambia labda wateja wasingeondoka na wao wasingegombana. Nilidhani namletea habari mpya.

Hadija akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Unafikiri mimi sikuona?"

Nikakumbuka alivyoinamisha kichwa siku ile barazani.

"Mimi nilimwambia. Jioni ileile, wewe umeshaondoka na gauni lako. Nikamwambia, dada, kazi inapinda, macho yako hayako sawa, nenda hospitali. Unajua alinijibu nini?" Sasa alikuwa ananitazama. "Alisema Gau ni mtu wa hospitali. Gau anaona wagonjwa wa macho kila siku. Gau amelivaa hapa, amezunguka hapa, amesema limependeza. Watu wote wanasifu, wewe peke yako ndiye unasema sioni. Wewe Hadija unawataka wateja wangu."

Sikujua.

Mungu ananiona, sikujua.

Karibu miaka miwili nilidhani kosa langu ni kuondoka kimyakimya, kosa dogo la mtu mwenye aibu. Kumbe ile sifa yangu haikubaki barazani kama upepo. Ilitumika. Hadija alisema kweli, akashindwa kwa sababu ya uongo wangu. Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa na ujasiri wa kumwambia dada yake la kweli, na mimi ndiye niliyemfanya aonekane mwongo.

Mama Mwaju ndiye aliyesema, mvua inamwagika kwenye mtandio wake.

"Hadija."

"Nakusikia."

"Nilikuita mwizi."

"Uliniita."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, dada."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Hadija alikata uzi kwa meno, akaikunja sare aliyokuwa anaishona, akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha pembe. Nilidhani ataturudisha tulikotoka. Halafu akainuka, akamshika dada yake mkono, akauweka juu ya fremu ya mlango ili aisikie ilipo.

"Kuna ngazi moja," akasema. "Inua mguu."

Wakaingia. Mimi nikabaki nje, sikujua kama naruhusiwa. Baada ya muda Hadija akachungulia.

"Na wewe ingia. Usinisimamie hapo kama mgambo."

Tulikunywa chai na viazi vitamu. Wao waliongea Kibende, na mimi Mpimbwe niliambulia maneno mawili matatu: mama yao, kisima, mbuzi fulani. Wakacheka mara moja, wote wawili kwa pamoja, halafu Mama Mwaju akaanza kulia na Hadija akamwacha alie. Mimi nilitazama kikombe changu.

Nilipoaga nikamwambia Hadija kesho asubuhi nitakuja na bajaji kuwafuata.

"Hapana," akasema. "Amelala kwangu leo, nitamleta mwenyewe. Wewe andika kadi."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumwomba aniambie. Mama Mwaju alinishika mkono mlangoni, mkono tu, hakupandisha juu, akasema nitembee vizuri. Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Sijui madaktari watasema nini. Inawezekana macho yote mawili yanatengenezeka, nimeona wengi wakipona. Inawezekana kuna kitu kingine kimejificha nyuma ya weupe ule na lile la kulia limechelewa. Kama limechelewa, sehemu ya kuchelewa huko ni yangu, na hakuna misa ya kwanza wala ya pili itakayoifuta kirahisi.

Wiki hii nitapita kwa Neema nimweleze kwamba yule fundi hakukosea. Ile picha ya mwaka jana nilitaka kuifuta leo, nikaona kuifuta ni kuficha tena. Itabaki, na maandishi haya chini yake.

Kuna jambo moja linanisumbua zaidi ya yote. Mimi ninasifika kwa upole. Kazini, kanisani, hata nyumbani Usevya wanasema Gau hana neno baya kwa mtu. Nilikuwa naona hiyo ni sifa. Leo sijui. Ni watu wangapi wameshindwa hoja zao mahali fulani kwa sababu mimi nilisema "nzuri" nikaenda zangu?

Saa moja asubuhi wale ndugu wawili watakuwa mbele ya dirisha langu. Nitaandika jina, umri, mtaa. Halafu kuna mstari kwenye kadi unaouliza tatizo limeanza lini. Wagonjwa wengi hapo husema hawakumbuki, na mimi huacha wazi.

Hapo sitauliza. Nitaandika: Pasaka, mwaka juzi.